Tumbo la Gitaa la Delwin

Jumapili ile ya sikukuu ya parokia niliunguza soseji mara mbili kabla watu hawajajaa, na mimi si mtu wa kuunguza soseji.

"Arlis, leo una nini?" wifi yangu Bernadine akaniuliza, akiwa amesimama kwenye kaunta na mkoba wake kifuani. "Umekuwa kama kuku anayetaka kutaga."

"Joto," nikamwambia.

Joto gani. Madirisha ya ukumbi wa Vrana yalikuwa yameinuliwa yote na kutegeshewa vijiti, feni za darini zinazunguka. Tatizo ni kwamba nilikuwa na habari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujua nimpe nani. Pale ukumbini habari hupita kwangu kwanza. Anayetaka bia sharti aseme na mimi, na anayesema na mimi huishia kusema yote. Muda mfupi kabla ya hapo Doyle Pruett, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alikuwa ameniegemea sikioni akanong'ona kwamba yule binti kutoka mji wa Beaumont, aliyeitwa kupiga gitaa la stili siku hiyo, gitaa lake limekufa. Mlango wa nyuma wa pikapu yake ulifunguka barabara kuu karibu na Sealy, sanduku likaanguka, na lori likapita juu yake.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa kuna stili moja tu karibu, Arlis. Unajua ilipo."

Nilijua. Ilikuwa kwenye buti la gari la kaka yangu Delwin.

Delwin amepiga gitaa la stili katika bendi ya Doyle tangu nywele zao wote wawili zikiwa nyeusi. Wanaokuja kucheza dansi huja kwa ajili ya Doyle na fidla, huzunguka sakafu iliyonyunyiziwa unga wa mahindi ili iteleze, wanatoka jasho, wanarudi kwangu kununua bia. Lakini upande wa kushoto wa jukwaa, pale stili inapokaa, tuna meza ambayo watu wake hawachezi. Wanakaa na kuitazama mikono. Mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mwingine unadonoa, na chini ya gitaa, linalosimama kama meza ndogo, miguu na magoti yanasukuma pedali na vyuma usivyoviona usipoinama. Sauti inayotoka ni ya mtu anayeanza kusema jambo, anajizuia, halafu analisema hata hivyo. Meza hiyo tunaiita Upande wa Stili, na mkubwa wake ni mzee Emil Janda, ambaye tangu mkewe afe hajakosa hata Jumapili moja, wala hajampongeza mtu hata mmoja.

Krismasi iliyopita Delwin alipata kiharusi. Kilimwachia mikono mizima. Mdomo pia kilimwachia, kwa bahati mbaya. Kilichukua mguu wa kushoto, nao ndio wa pedali. Tangu hapo Doyle amekuwa akiazima wapigaji huku na kule, kila mmoja anakuja na gitaa lake, na kila Jumapili Delwin anakuja na fimbo, anakaa Upande wa Stili, na gitaa lake linakaa kwenye buti. "Huenda mguu ukaamka," husema. Daktari alimwambia mkewe Bernadine kwamba hautaamka. Bernadine aliniambia mimi. Kwa hiyo kaunta nzima ilijua, ila hakuna aliyelitamka jambo hilo mbele yake.

Nikamwambia Bernadine habari za lori. Akakaa kwenye kreti la bia.

"Hatakubali," akasema. "Hata kulipangusa vumbi haniruhusu."

Lakini Delwin alikubali, tena haraka mno, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Alimtazama yule binti kuanzia viatu mpaka kofia. Renelle Guidry, mwembamba, macho mekundu kwa kulia njia nzima, huku anajaribu kutabasamu.

"Umepiga stili miaka mingapi?"

"Tangu darasa la sita, Mzee Kovarik."

"Haya. Lichukue. Lakini ujue, pedali zangu ziko kinyume."

Ukumbi mzima haukuelewa, ila Upande wa Stili wote waliguna. Niwaelezeni, maana hata mimi ilinichukua miaka kuelewa. Wapigaji walio wengi wana pedali ya kwanza kushoto kabisa na ya tatu upande wa kulia. Delwin alifundishwa na mzee mmoja wa kule Victoria aliyekuwa amezipanga kinyume, ya kwanza ikawa ya tatu na ya tatu ikawa ya kwanza. Ni kama upewe gari ambalo breki imewekwa mahali pa mafuta, halafu uambiwe, endesha tu, gari ni zuri.

Renelle akapanda jukwaani, akavua kiatu cha kushoto, akajaribu. Gitaa likalia vibaya.

"Paka wa nani huyo?" mzee Emil akauliza kwa sauti.

"Mwache, we mzee!" nikapaza sauti kutoka kaunta.

"Nimeuliza tu ni wa nani. Kama hana mwenyewe, afukuzwe."

Watu walikuwa wameanza kuingia. Familia nzima nzima zinatoka kanisani, akina bibi na sahani za maandazi ya kolachi zimefunikwa kwa vitambaa, watoto wanateleza kwenye unga wa mahindi kwa soksi. Doyle anatembea huku na huku nyuma ya pazia, anaitazama saa, anaitazama tena. Leo ndipo alipopanga kuamua. Bendi haiwezi kuishi kwa kuazima, na kama huyu binti angefaa, angemchukua moja kwa moja. Kila mtu alijua, Delwin akiwemo.

Renelle akarudia. Nikaacha kaunta, nikasogea. Mikono ilikuwa sawa kabisa, hata mimi nilisikia. Alikuwa anajaribu kile kipande cha Delwin, kile kinachoteremka polepole halafu kinapanda ghafla mwishoni, ambacho watu wa kaunti hii wanaweza kukupigia mluzi wakiwa usingizini. Sijui alikipata wapi. Chuma kinateleza, vidole vinadonoa, halafu mguu unakwenda kulia pale unapotakiwa kwenda kushoto, na ile sauti nzuri inaanguka kifudifudi.

Anajiambia, "Kushoto, mjinga wewe, kushoto." Anarudia. Inaanguka tena.

"Kulikuwa na haja gani ya kumpa?" nikamuuliza Bernadine kwa sauti ya chini. "Kama alijua hataliweza?"

Bernadine alikuwa anamtazama mumewe, na mimi nikamtazama, na hapo ndipo nilipoelewa. Mtu akishindwa na gitaa lako, bado ni lako.

Sisemi alikusudia. Kaka yangu si mtu mbaya. Lakini alikuwa amekaa pale, mikono juu ya fimbo, na ana utulivu ambao sikuupenda.

Doyle akaja akachuchumaa mbele yake. "Ndugu yangu, si zinaweza kubadilishwa? Zile fito za chini zinazovutwa na pedali?"

"Zinaweza."

"Basi?"

"Basi mguu ukiamka nitakuja nikute gitaa la mtu mwingine? Doyle, nimezipanga hizo pedali kabla hujajua kuvaa kofia. Hakuna wa kugeuza."

Doyle akanitazama mimi. Mimi nikatazama soseji. Kila aliyekuwa karibu akapata kitu cha kutazama. Hata mzee Emil, ambaye angeweza kumwambia marehemu kwamba jeneza halikumkaa vizuri, akaanza kukagua kucha zake.

Renelle alikuwa amesikia. Hakuomba. "Nitapiga hivyo hivyo, Bwana Pruett," akasema. "Nitazoea." Akainama, akajaribu tena kile kipande. Safari hii alifika karibu na mwisho kabla mguu haujamsaliti. Akaligusa gitaa kwa kiganja kama unavyomgusa ng'ombe aliyekupiga teke, akasema, "Samahani."

Akarudia. Ikaanguka.

Nikaona kidole cha Delwin kinagonga kwenye fimbo.

Akarudia. Ikaanguka palepale.

"Pumua kabla ya kupanda," Delwin akanong'ona, si kwa mtu yeyote.

Akarudia. Mimi nilikuwa siwezi kutulia. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikamkabidhi mtu bia aliyokuwa hajaiagiza. Kaka yangu naye alianza kusogea kwenye kiti kama aliyekalia siafu. Kumbe unaweza kulinda kitu chako na watu wote duniani, lakini kusikia kipande chako kinauawa mara tano mbele ya macho yako, hilo ni jingine. Aliposikia mara ya sita akapiga fimbo sakafuni.

"Ondoka hapo!"

Mtoto mmoja aliyekuwa anateleza akaenda kugonga meza na hakuna aliyemtazama. Renelle akasimama, uso umepauka, akaanza kuokota kiatu chake.

"Delwin," Bernadine akasema, "aibu gani hii?"

"Nimesema aondoke kwenye kiti, sikusema aondoke ukumbini." Delwin alikuwa tayari amesimama, anauburura ule mguu. "Emil, acha kukodoa macho, leta ile meza yenu. Ondoeni bia. Ligeuzeni. Polepole! Hilo si gunia la viazi."

Basi wakalibeba wanaume watatu, wakalilaza kwenye meza ya Upande wa Stili, nyuzi chini juu ya makoti yao ya kanisani, miguu yake minne ikielekea darini. Tumbo lake likabaki wazi mbele ya watu wote: fito, springi, vijipini, na mafuta ya miaka. Sikuwahi kuliona. Nadhani hata Bernadine hakuwahi.

Sikukuu yetu ikasimama kwa ajili hiyo. Watu walizunguka ile meza safu tatu, walio nyuma wamepanda viti.

"Anatoa nini hicho?" bibi mmoja akauliza.

"Utumbo," mzee Emil akamjibu.

"Atapona?"

"Nani, gitaa au Delwin?"

Delwin hakucheka. Alikuwa na spana yake ndogo, ile anayotembea nayo kwenye mfuko wa shati miaka yote, na mikono yake ilikuwa inakwenda bila kuuliza. Renelle alisimama ubavuni mwake, mguu mmoja una kiatu.

"Shika hapa," Delwin akamwambia. "Usivute. Shika tu. Ninyi mnaoanzia kushoto mna haraka."

"Ninyi wa kinyume ndio mmechelewa kugeuka, Mzee."

Nikafumba macho. Upande wa Stili hawasemi hivyo kwa Delwin. Lakini alimtazama tu kidogo, akasema, "Mdomo unao. Tuone mguu."

Akafungua ufito wa mwisho. Hapo akatulia. Ulikuwa kiganjani mwake, mwembamba kama sindano ya kufumia, na akawa anautazama tu. Watu wa nyuma walidhani umevunjika. Bernadine akasogea, akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilikuwa nimeng'ata taulo la kaunta.

"Hautaamka, siyo?" Delwin akamuuliza mkewe, kwa sauti ya chini.

"Hapana, mpenzi."

"Na wewe, Arlis, ulijua."

"Kaka, mimi ni nani nisijue."

Akaupachika ufito upande wa pili, akaukaza.

Dansi ilianza kwa kuchelewa na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusimulia. Nyimbo mbili za kwanza Renelle alipiga kwa tahadhari, nyuma ya fidla, akitazama chini. Delwin hakukaa. Alisimama mbele kabisa ya jukwaa, ameegemea fimbo, macho kwenye ule mguu wa binti usio na kiatu. Wimbo wa tatu ulikuwa wa polepole. Wanaocheza wakashikana, wakaanza kuzunguka, na sote tulijua kinachofuata. Doyle, kama viongozi wa bendi wote wa huku, humwita mtu kwa jina kwenye maikrofoni kabla hajapiga kipande chake peke yake. Hiyo ndiyo heshima yake. Akamaliza ubeti, akafumba macho, akageuza kichwa kushoto kama alivyofanya maisha yake yote.

"Haya, Delwin!"

Mungu wangu. Fidla ikajikwaa. Wachezaji wakasimama, mmoja akamkanyaga mwenzake. Doyle akafumbua macho, na ungeyaona hayo macho ungemhurumia. Mkono wa Renelle ulikuwa umeinuka juu ya nyuzi na ukabaki hapo hapo hewani.

"Renelle!" kaka yangu akapiga kelele kutoka chini, sauti yake imepasuka. "Anaitwa Renelle, wewe kipofu! Renelle, piga!"

"Piga, Renelle!" mzee Emil akadakia, na Upande wote wa Stili ukafuata, wazee wazima wanapiga meza kwa viganja.

Akapiga. Aliteremka polepole, polepole mno mpaka nikataka kukimbia. Akapumua. Mguu ukalala kulia, ulikozoea, na sauti ikapanda ile njia yake, ikafika juu, ikakaa. Ilikuwa kama ya Delwin, na haikuwa ya Delwin. Mwishoni aliongeza kitu chake kidogo, mkunjo tu, na nikaona kaka yangu anatikisa kichwa kwa hasira, halafu anakitikisa tena taratibu, kwa kukubali.

"Huo mwisho hakuna aliyemwomba," akamwambia Emil.

"Mzuri," Emil akasema.

Tuligeuka wote kumtazama Emil.

Jua lilikuwa bado halijazama walipomaliza. Nilikuwa nafagia unga mlangoni, kwa sababu kukaa bado sikuweza, nikamwona Bernadine ametangulia kwenye gari, amefungua buti kwa mazoea, amesogeza blanketi pale gitaa linapolala. Renelle na Doyle walikuwa wanakuja na sanduku, mmoja kila upande. Wakafika, wakasita.

Delwin alichukua muda kuvuka ule uwanja wa kokoto. Alitazama buti. Akalitazama sanduku.

"Funga buti," akamwambia mkewe.

Bernadine akafunga. Delwin akamgeukia binti, akamnyooshea fimbo usoni.

"Unaendesha polepole mpaka Beaumont, umenisikia? Na huo mlango wa nyuma wa pikapu yako, usiuamini. Arlis! Niletee kamba."