Babu wa Miguu Miwili ya Kushoto

Shida hakuwa na ugomvi na historia. Ugomvi wake ulikuwa na kamba ya katani ambayo Leonardi, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa ameuzungushia mwamba ulio nyuma ya nyumba yake huko Kiriba. Juu ya mwamba huo, msimu hata msimu, ndipo alipoanika udaga, mihogo ya kuvundikwa. Sasa mihogo iliyokwisha kuvundikwa ilikuwa imejaa makarai kivulini, inanuka vibaya kuliko inavyotakiwa, mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, na chakula cha nyumba nzima ndicho hicho.

"Mama mdogo, hapa ni mahali pa kihistoria," Leonardi alimwambia. "Babu mwanzilishi alikanyaga hapa siku aliyofika. Nyayo zake si hizo? Jumamosi wageni wanakuja kutoka Musoma. Hatuwezi kuwaonyesha babu ananuka udaga."

Mama mdogo kweli, maana Shida aliolewa mke wa pili kwa baba yake Leonardi. Mke wa kwanza, Tabitha, ndiye aliyemzaa Leonardi, akafariki mtoto hajaanza hata shule. Shida ndiye aliyemalizia kumlea, na shukrani yenyewe ndiyo hii kamba.

Akazitazama hizo nyayo. Vishimo viwili vya mviringo mrefu, laini, vimelala sambamba juu ya jiwe. Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakimeza. Tangu Leonardi asikie kwamba kijiji cha jirani kina pango la kuonyesha wageni, alikuwa hapati usingizi, na sasa kajipatia babu.

"Sawa, baba," Shida akasema kwa upole wa kutiliwa shaka. "Ila mila unaijua? Mwenye kumlinda babu anapiga magoti mbele ya wageni, anasaga ulezi penye unyayo. Asiposaga, babu ananuna."

"Hiyo mila mbona sijawahi kuisikia?"

"Hata nyayo tulikuwa hatujazisikia."

Leonardi akajikuna kidevu. Wageni wanapenda mila, akakubali.

Jumamosi wakaja walimu wastaafu, na kofia zao za jua. Leonardi, na koti lake la suti, akapiga magoti. Jiwe la kusagia likaingia ndani ya unyayo likakaa barabara, utadhani limepimwa. Akasaga, jasho likamtoka, unga ukampaka mpaka kwenye tai. Wageni wakapiga makofi.

Mama mmoja mwenye miwani akainama kutazama. "Samahani, mwenyekiti. Huyu babu mbona miguu yake yote miwili imepinda upande mmoja? Yote ya kushoto?"

Leonardi akamtazama Shida. Shida alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu siku ile ya kamba, na utamu wake ulikuwa mkubwa.

"Kwa sababu si miguu," alisema. "Ni wanawake wawili, wote wanasagia mkono wa kulia. Mama mkwe wetu ndiye aliyeanza kuvichimba, sisi tukaendeleza. Kimoja changu, kingine cha mama yake huyu. Tulikuwaga tunasaga hapa kila asubuhi, tunamsengenya mume wetu."

Wageni wakaangua kicheko. Leonardi hakucheka. Alibaki amepiga magoti, mikono imejaa unga, na Shida akaingiwa na hofu kwamba mzaha umepita kiasi. Akajiandaa kutukanwa.

"Cha mama ni kipi?" Leonardi akauliza, kwa sauti ya chini.

Shida akakionyesha kwa kidole.

"Hicho ulichosagia. Hicho kirefu kwenda chini," akasema. "Alikuwa na mtoto mlafi."

Leonardi akatia kiganja ndani ya kile kishimo. Kisha akavua koti, akaifungua kamba mwenyewe, akayafuata makarai kivulini. Akaanza kuanika udaga mbele ya wageni wake, mwamba mzima, ila kishimo kimoja akakizunguka.

"Na hapo weka," Shida akamwambia. "Mama yako hakuwahi kuacha jua liende bure."