Kiti cha Mfadhili

Fundi mapazia alifiwa na mkewe, na tangu hapo mtu pekee aliyezungumza naye kutwa nzima alikuwa mteja wa kuuliza bei. Binti yake aliolewa mbali, akipiga simu ni "Baba, umekula?" basi. Kwa hiyo kocha wa timu ya netiboli ya mtaani alipoingia dukani kuomba mfadhili wa jezi, fundi hakumwacha hata amalize.

"Nitawashonea mwenyewe. Seti nzima, na sketi."

"Mgongoni tuandike nini? Jina la duka?"

"Duka lenyewe halina jina. Wekeni namba tu."

Alishona wiki tatu. Kila akikata kitambaa alijiona uwanjani, kabanwa katikati ya watu, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Hakutaka zaidi ya hapo.

Siku ya mechi ya kwanza wakamfanyia heshima. Walimwekea kiti chake peke yake chini ya mwavuli, na meza yenye chupa ya maji. Wachezaji wakapanga foleni kumsalimia, macho chini.

"Shikamoo, mfadhili."

"Marahaba."

Kisha wakakimbilia kwa wenzao wakicheka. Mashabiki walijazana ng'ambo ya uwanja, wanaimba, wanasukumana. Timu ilipofunga goli fundi aliruka, akageuka kutafuta wa kugongana naye mikono. Hakuna. Akaketi.

Mechi ya pili ikawa vilevile. Ya tatu akasema waziwazi, "Nipelekeni kule kwa watu."

Kocha alishtuka. "Mzee wetu, watatuonaje? Mfadhili akae chini?"

Msimu ulipoisha, kampuni moja ya rangi ikajitokeza: jezi mpya, viatu, usafiri. Kocha alirudi dukani akimung'unya maneno.

"Usituelewe vibaya, mzee..."

"Chukueni, mwanangu. Nani anakataa viatu?"

Lakini kocha alipoondoka, fundi alikaa muda mrefu na mkasi mkononi bila kukata chochote.

Jumamosi ya kwanza ya msimu mpya alikwenda uwanjani hivyo hivyo. Hakuna aliyemkimbilia. Kocha alimpungia mkono kutoka mbali, akaendelea na kazi zake. Fundi akapenya hadi kwenye benchi la akiba. Mwishoni mwa benchi alikaa mchezaji mpya aliyefungwa bandeji gotini, uso umemvimba kwa kulia.

"Naweza kukaa hapa?"

"Kaa, baba. Ila ukiniambia nitapona haraka, uondoke."

"Sisemi kitu."

Wakatazama mchezo. Timu yao ikafungwa, ikafungwa tena; wote wawili wakashika vichwa kwa pamoja. Msichana akamenya chungwa, akamkatia nusu bila kumtazama.

"Una mtoto wako humu?"

"Sina. Nimekuja tu."

"Haya."

Mechi ilipokwisha, dada yake msichana alikuja kumchukua, wakaondoka wameegemeana. Fundi alibaki kwenye benchi mpaka uwanja ukatulia, kisha akanyanyuka akaenda kufungua duka.