Nguzo Zilizochipua

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mwenyewe kabla shangazi hajaniwahi kulisimulia kwa madoido yake.

Mimi ni seremala. Nilikuwa nimepewa kazi ya madawati ya shule, na mbao nzuri zimeadimika. Zilizopo zinapasuka ukizionyesha tu msumari. Bila mbao, kazi inahamia kwa jirani yangu, naye hachelewi kunicheka. Nikakumbuka kijiji chetu cha zamani. Maji yalipokauka watu walishuka wakajenga barabarani, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama. Nilisikia siku hizi ni msitu. Basi nikamchukua shangazi anionyeshe mipaka ya kwetu, nami nikabeba msumeno wa mashine.

Kilima kilinitoa ulimi. Shangazi, na magoti yake mabovu, alikuwa mbele ananingoja.

"Seremala gani wewe, unahema kama mvukuto?"

Huko juu palikuwa na miti ya ajabu, minene, imenyooka. Nikaupiga mmoja kofi.

"Shangazi, huu peke yake ni madawati ya darasa zima! Haya, kijiji chenyewe kilikuwa upande gani?"

Shangazi alivua viatu, akapita katikati ya miti miwili, kichwa amekiinamisha kama anayeingia mlango mfupi.

"Umesimama jikoni kwa bibi yako," akasema. "Na sogea, unaziba njia."

Ndipo nikaona. Miti haikuota ovyo. Ilikwenda mstari mmoja, ikakata kona, ikaacha nafasi ya mlango, ikaendelea. Wazee walijenga kwa nguzo mbichi; udongo wa kuta ulipodondoka, nguzo zilikuwa zimeshatia mizizi. Vyumba vyote vilikuwepo. Zizi la mbuzi, duara kamili. Vichochoro, watu wawili wanapishana. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama, kimerefuka hadi shingo inauma kukitazama, kinavuma kwa upepo. Nikajikuta nimevua kofia, nanong'ona.

Lakini madawati nayo yananiita.

"Shangazi, watu walishahama. Hizi sasa ni mbao."

"Hapa ndipo tulipozaliwa mimi na baba yako. Hukati nyumba yetu."

"Nyumba! Nyumba gani hii, haina hata paa?"

Shangazi akatazama kule nje ya miti, jua linakokaanga mawe, kisha akanigeukia.

"Na wewe tangu uingie humu, jua limekuchoma wapi?"