Kiti cha Bibi Arlene

Bibi Arlene alipiga simu kutoka hospitalini saa kumi na mbili asubuhi, na siku hiyo maneno yake yalikuwa machache kuliko kawaida yake.

"Libby, leo babu yako anakuja kunichukua. Usimwache aje peke yake. Kaa kwenye kiti changu cha mbele. Na uongee."

"Niongee nini, Bibi?"

"Chochote unachokiona. Wewe ongea tu, mwanangu."

Simu ikakatika.

Libby Hruska alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kama kuna kazi asiyoiweza duniani ilikuwa hiyo. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama. Shangazi zake walisema unaweza kukaa naye chumba kimoja kuanzia kahawa ya asubuhi hadi chakula cha mchana, ukadhani umekaa na paka. Basi alipopanda pikapu ya Babu Emil alifanya alichozoea. Alifunga mkanda, akapakata sinia la kolache, vile vimkate vitamu vya jamu ya plamu alivyomwokea bibi yake, akanyamaza.

"Umejifunga?" Babu aliuliza.

"Nimejifunga."

"Haya, twende tukamchukue mama mwenye nyumba kabla hajawafundisha madaktari kazi."

Walikuwa na maili tisini mbele yao. Bibi alikuwa amevunjika nyonga akaenda kutengenezwa mjini, na wiki tatu Babu alikuwa peke yake shambani. Katika wiki hizo tatu hakwenda kumwona hata mara moja. Watoto wake walimsema sana kwa hilo. Yeye alijibu kwamba mavuno hayamsubiri mtu, ingawa shamba lenyewe alikuwa ameshalikodisha miaka minne iliyopita.

Baba yake Libby, Gary, alikuwa amelitamka neno siku ya Pasaka, mbele ya wote, na hakulitamka kwa ubaya. Siku Babu atakaposhindwa kuendesha gari, nyumba ya shamba itafungwa, wazee watahamia mjini kwenye vyumba vya wazee. Kutoka shambani hadi duka la karibu ni maili kumi na nne, sita kati yake ni changarawe tupu, na theluji ikianguka hakuna jirani wa kumwita. Babu alizaliwa katika chumba kile kile anacholala hadi leo. Alimwacha mwanawe amalize. Alikula viazi vyake, akaomba chumvi.

Wakaingia barabara kuu. Ilikuwa Oktoba, mbingu imefunika, na mahindi yamesimama makavu huku na huku rangi ya karatasi kuukuu. Malori ya nafaka yalikuwa yakipita kuelekea maghala. Huko kwao dereva akipishana na mwenzake huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kiganja hakibanduki. Hiyo ndiyo salamu, na imetosha. Asiyeinua ama ni mgeni, ama mna kesi ya mpaka wa shamba. Babu Emil alikuwa hamnyimi mtu kidole. Hata msafara wa mazishi aliusalimia gari moja moja.

Maili ya tano, Babu aliinua kidole. Libby alitazama mbele. Barabara ilikuwa tupu. Kando yake palikuwa na bango la mbegu, lenye picha ya gunzi kubwa.

"Babu, umesalimia bango."

Babu akacheka. "Bango hilo nimelijua tangu lilipokuwa mti. Nilipite kimya lione nimeringa?"

Libby naye akacheka. Lakini hawakufika mbali, likaja gari jekundu la Duane Novotny, rafiki yake Babu wa miaka sitini, mtu aliyesimama naye siku ya harusi. Duane aliinua kidole. Akaona hajibiwi, akapiga honi. Babu alishtuka mabegani, akainua kidole gari likiwa limeshawapita.

"Nani huyo anapiga kelele?"

"Ni Duane, Babu."

"Duane. Mtu mzima hovyo."

Cheko la Libby likaishia hapo. Akageuza kichwa kidogo tu, akaanza kumtazama babu yake badala ya barabara. Mzee hakuwa akitazama mbele. Alikuwa ameinamisha shingo kulia, kama kuku anayepima punje, na jicho lake limekaa kwenye ule mstari mweupe wa ukingo wa kulia wa lami, maana kwao gari huendeshwa upande wa kulia. Aliufuata kama mtu anavyoshika kamba gizani.

Libby akaamua kumjaribu, na roho ilimsuta kwa kumjaribu mkubwa wake.

"Babu, soya za akina Krejci wameshavuna?"

"Watakuwa wameshavuna. Wiki hii nani amelala?"

Soya za akina Krejci zilikuwa zimesimama pande zote mbili za barabara, hazijaguswa.

Libby akazitazama zikipita. Akamkumbuka bibi yake katika kiti hiki alichokalia yeye. Redio, ndivyo familia yote walivyomwita. Emil, lile lori la akina Pokorny linakuja. Emil, kuna trekta mbele yetu, linakwenda kama konokono. Emil, hapa wameweka kibao cha kusimama, sijui kwa nini, hapapiti hata sungura. Watu walioketi nyuma walikuwa wakigeuza macho juu na kukonyezana. Walidhani ni uzee unaomtoa maneno. Kumbe alikuwa akiendesha gari kwa mdomo.

Ndiyo maana Babu hakuthubutu kwenda mjini wiki tatu.

Wakaukaribia mji wa Winnert, wenye kanisa, ghala la nafaka na baa moja, ambapo barabara mbili kuu hukutana. Magurudumu yalinguruma juu ya ile mikwaruzo iliyochimbwa kwenye lami kuwaamsha madereva, na Babu akakanyaga breki taratibu. Alisimama sawasawa kwenye kibao. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kwa adabu zote.

"Kwako kweupe?"

"Kwangu kweupe," Libby alisema, maana upande wake kulikuwa kweupe kweli.

Babu akaachia breki.

"Babu, lori!"

Lori la nafaka lilipita kutoka kushoto, upande wa Babu, kwa mwendo wa kukata upepo, pikapu ikatikisika mahali pake. Makapi ya mahindi yakanyesha juu ya kioo.

"Nimeliona," Babu alisema.

Wakaiacha Winnert nyuma yao. Kisha Libby akapiga moyo konde.

"Babu, nipe niendeshe kidogo. Upumzike."

"Nimechoka nikifanya nini? Kukaa?"

"Nataka tu kuizoea pikapu."

"Pikapu hii haijawahi kukaliwa usukani na mwingine. Hata baba yako. Hasa baba yako."

Angefanya nini? Kuchomoa ufunguo gari likiwa maili sitini kwa saa? Kumpigia baba yake mbele ya mzee, kama anayemshtaki mtoto? Na akimpigia, nyumba imefungwa leo leo, Bibi atatoka hospitali moja kwa moja hadi chumba chenye kamba ya kuvuta ukianguka. Akinyamaza, mbele kuna maili hamsini, na kila moja ina watu wake. Alifikiri hayo yote kisha akafanya kitu kimoja tu alichoagizwa.

"Lori linakuja," alisema. "Jeupe. Limo upande wake." Babu akainua kidole kwa wakati. "Nyuma yake kuna gari dogo. Mama na watoto." Kidole. "Mbele kuna kona inayokwenda kushoto, halafu..."

"Kona ninaijua."

"Kando ya kona kuna mtu anarekebisha uzio, amesimama karibu na lami."

Babu akasogea katikati kidogo. Taya lilikuwa likimcheza.

"Bibi yako amekuambia."

"Hajaniambia. Amesema niongee tu."

"Basi usiongee."

"Babu..."

"Nimesema nyamaza! Bibi yako ana haki ya kuniongelesha, nimelala naye kitanda kimoja miaka hamsini na nane. Wewe nilikuwa nakubeba begani kuangalia nguruwe. Sitaongozwa na wewe kama ng'ombe."

Libby alilelewa kuheshimu wakubwa, na hakuwahi kumsikia Babu akipaza sauti isipokuwa kwa mbwa. Akafumba mdomo. Alihesabu nguzo za umeme. Gari moja lilipita bila kusalimiwa, la pili likapita bila kusalimiwa.

Barabara ikapanda kilima kirefu. Juu ya kilima, kwanza zikatokea taa za njano zinazowaka na kuzima, kisha paa la kijani, kisha kombaini nzima, mashine ya kuvunia yenye upana wa lami na ziada, inateremka kuwajia katikati ya barabara. Kulikuwa na muda wa kutosha kutoka pembeni, kwa anayeona. Libby alisubiri Babu apunguze. Aliambiwa anyamaze, naye alisubiri, pumzi moja, pumzi mbili. Mzee alikuwa na jicho lake kwenye mstari mweupe, mguu haujatoka kwenye mafuta.

"Kulia! Babu, toka kulia! Toka!"

Babu hakuuliza. Alikata usukani kulia kwa mikono miwili. Changarawe zikalia chini ya pikapu, pua ikashuka, nyasi ndefu zikapiga kioo, wakarushwa juu wakarudi, wakasimama wameinama ndani ya mtaro. Juu yao kombaini ilikwaruza breki na kunguruma. Kolache zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na jamu ya plamu ilimchuruzika Babu kwenye kofia.

"Umeumia?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sijaumia. Wewe?"

Babu alikuwa akimpapasa Libby kichwani, shavuni, begani, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Dereva wa kombaini akateremka ngazi. Alikuwa Ardith Pokorny, mama wa miaka hamsini, buti za mpira na kofia ya ushirika wa wakulima. Alikuja akitetemeka, na kutetemeka kwake kulitoka kama hasira.

"Mzee Emil! Mashine ya kijani, taa sita zinawaka, ukubwa wa kanisa la Kilutheri! Ulitaka nipige na kengele?"

Babu alifungua mlango, akashuka akishikilia bodi. Ardith alimtazama usoni. Alimwona jinsi alivyogeuza shingo pembeni ili ampate. Hasira ikamtoka kama hewa kwenye puto.

"Basi," alisema taratibu. "Ni hili jua la asubuhi. Linapiga vibaya sana machoni ukiwa unapanda hapa. Hata mimi juzi kidogo nimgonge mbwa wangu mwenyewe."

Mbingu ilikuwa imefunika tangu alfajiri, nzito kama blanketi la farasi. Wote watatu walijua hivyo. Ndivyo watu wa kule wanavyofanya. Mtu akianguka, wanatazama pembeni mpaka ainuke, wakimaliza wanazungumza habari za mvua. Ardith alikuwa amempa mlango wa kutokea, na hakuna ambaye angeuliza tena. Babu angesema ndiyo, jua, wangecheka, pikapu ingevutwa, na kesho angekuwa barabarani.

Libby alitamani aupokee ule uongo, nyumba ipone. Wakati huohuo aliogopa asije akaupokea. Aliwaona akilini wale watoto kwenye lile gari dogo. Mara hii alinyamaza kwa sababu hakujua aombe lipi.

Babu alivua kofia. Akaigusa jamu, akaitazama kwa pembeni.

"Hakuna jua, Ardith," alisema. "Sikukuona. Katikati ya macho pamefutika, mwaka wa pili sasa. Pembeni ndiko kumebaki."

Ardith akatazama buti zake. "Haya," alisema. Akazunguka kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na shida. "Nina mnyororo. Nikuvute?"

"Vuta. Msichana atashika usukani."

Pikapu ilipokuwa juu ya lami, Babu alizunguka kwa mbele huku mkono ukipita juu ya bodi, akafika mlango wa abiria akakosa kishikio mara mbili. Libby alimwacha akitafute. Ardith alimpiga kofi dogo la mgongo, akasema msalimie Arlene, akapanda mashine yake.

Libby aliendesha. Gia zilikuwa ngumu, naye alizikosea, zikasaga.

"Unaua gari langu," Babu alisema.

"Halijafa."

"Linalia."

Wakapita mji wa Holub, polepole. Mbele ya ghala la nafaka malori yalikuwa yamepanga foleni. Babu akasema, "Simama hapo pembeni."

Alisimama. Babu alikaa mikono juu ya magoti. Kwenye kiti kile hakujua mikono huwekwa wapi.

"Bibi yako atanikasirikia. Tulikubaliana tusimwambie mtu mpaka mmoja wetu aondoke."

"Anaweza kuwa amechoka kuongea, Babu."

Babu akakohoa, au alicheka. "Yule? Hajachoka." "Baba yako atakuuliza leo."

"Ataniuliza."

"Utamwambia nini?"

"Sitamwambia kitu. Siyo langu."

Lori la kwanza kwenye foleni lilifungua mlango wake wa chini, mahindi yakamwagika kwa mlio wa mvua kubwa. Babu alisikiliza mpaka yalipokwisha. Akatoa simu mfukoni, akamnyooshea.

"Mpigie Gary, unipe. Mimi namba sizioni."

Libby akabonyeza, akamrudishia. Ikaita mara tatu.

"Gary," Babu alisema. "Hapana, tuko salama. Hapana, bado hatujafika. Wewe kaa chini kwanza. Kaa, mwanangu, nina jambo."