Vitamini za Shangazi

Baba alianguka mezani, kijiko mkononi, siku aliyogombana na mama kuhusu bati la jikoni linalovuja. Wiki haikuisha, shangazi akatoa hukumu: mama kamuua kaka yake kwa mdomo, kampandisha presha mpaka mshipa ukapasuka. Mama akafungasha. Mimi, miaka kumi na minne, nikabaki kwa shangazi, na nikaamini. Niliamini hasa. Mama akija kunitazama namwambia nina kazi nyingi, hata siku ambazo cherehani yangu imefunikwa.

Mwezi uliopita nikazimia juu ya suruali ya mteja. Nina miaka thelathini na mmoja, sigombani na mtu, mume wa kunikera sina. Shangazi akanisindikiza zahanati. Kipimo kikasoma mia na themanini.

"Kwenu kuna mwenye presha?" nesi akauliza.

"Baba. Alianguka akafa siku aliyogombana na mama. Na babu alianguka hivyohivyo."

"Basi umerithi. Mtu anazaliwa na vitu vingi vidogo kwenye damu, kila kimoja kinaongeza chake. Ugomvi wa siku moja hauleti hii. Baba alipimwa?"

"Hapana."

"Angepimwa, angepewa dawa hizi."

Pakiti ya kijani. Naijua. Shangazi anameza kidonge chake kila asubuhi, anakiita vitamini. Alikimeza hata mezani kwetu, baba yungali hai, na baba akamtania kwamba anazeeka mapema. Nikamgeukia. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Ulijua," nilimwambia tulipotoka nje.

"Ningesema ugonjwa ni wetu? Nani angekuoa?"

"Kwani nimeolewa? Na kaka yako je, ulishindwa kumwambia akapime?"

Nilimwacha palepale getini.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Anapanga chumba kimoja, anapiga pasi nguo za watu. Sikukaa hata kitini, nikamweleza yote, ya babu, ya nesi, ya vitamini. "Mama, hukumuua baba."

Hakuinua uso mpaka kola ikanyooka.

"Mimi nilikuwepo, mwanangu. Najua nilichofanya na nisichofanya." Akaweka pasi chini. "Miaka kumi na saba nangoja uniamini mimi. Umemwamini nesi."

Kisha akanimiminia maji ya kumezea dawa, akachukua shati jingine.