Upepo wa Marek

Sina subira na mtu anayeniletea gari kwenye roli, yale mapipa ya chuma yanayozunguka ya kupimia nguvu ya injini, bila kuangalia upepo wa matairi. Karakana yangu iko Hamtramck, Detroit, na wateja wote wanajua masharti yangu: matairi ya nyuma yawe na paundi thelathini na mbili, yakiwa baridi, ndipo nifunge mikanda na gari likimbie papo hapo lilipo mpaka kompyuta iseme lina nguvu za farasi wangapi. Upepo ukiwa mdogo, tairi linachemka na kupasuka. Nimewafokea wengi kwa hilo, hata Marek, kijana niliyemfundisha na kumpenda.

Marek alikufa baada ya Krismasi, barabara ilipokuwa barafu tupu. Leo mama yake, Bi Halina, amelileta kwa trela gari jekundu ambalo Marek alikuwa akilitengeneza kwa miaka. Amekuja na boksi la paczki, donati za Kipolandi zenye jemu, kana kwamba mimi ndiye mfiwa.

"Alisema lina farasi mia sita," akaniambia. "Nataka nilione likikimbia. Ila matairi usiyaguse, Curtis. Upepo huo aliujaza mwenyewe, kwa pampu ya mguu, jioni ya mwisho. Nilimsikia akihema."

Nikapima tairi la nyuma. Kumi na nane.

"Mama, hapa haliendi. Lazima niongeze."

"Usiuchanganye na wako." Akasimama kati yangu na gurudumu. "Na umepunguaje? Nimeulinda mimi. Kila asubuhi naupima, kama ulivyomfundisha yeye."

Akatoa geji ya upepo ya Marek mfukoni mwa koti. Hapo nikaelewa. Ukibandika geji kwenye valvu, upepo kidogo hutoka. Kwa sisi wengine si kitu. Yeye alikuwa akiutoa kila siku tangu mazishi.

"Ni baridi tu," nikamdanganya. "Upepo ukipoa, presha inashuka. Wote umo humo humo."

Uso ukamchangamka. "Si ulikuwa ukimwambia Marek roli zinachemsha tairi? Basi washa. Ukipata joto utarudi."

Sikuwa na pa kutokea. Kumwashia ni kumpasulia tairi mbele ya macho yake. Nikachuchumaa karibu yake.

"Hautarudi, Bi Halina. Nimekudanganya, nisamehe. Ni hiyo geji. Kila ukipima, unatoka kidogo."

Akaigeuza geji mkononi.

"Ule mlio," akasema. "Ule wa tss. Nilikuwa naamka mapema kwa ajili yake. Nilijua ni yeye ananisalimia."

Akaniwekea geji kiganjani na kunikunja vidole juu yake.

"Jaza," akasema. "Ila kupima, pima wewe."

Nilipoinama kwenye valvu, aligeukia ukuta akaziba masikio kwa mikono miwili.