Chupa ya Mlangoni mwa Friji

Habari hii nimeipata kwa Tryphena, mtoto wa dada yangu, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tukiwa jikoni hapa Werugha tunachambua maharagwe. Yeye amepanga chumba Voi, mtaa wa Mwakingali, kwenye ploti ambayo milango inatazamana. Kwa hiyo mengine aliyaona kwa macho yake, na mengine aliambiwa na Khamisa mwenyewe. Huku kwetu jua ni mgeni, huchelewa kuja na huaga mapema. Voi jua ndilo mwenye nyumba.

Khamisa, ambaye majirani humwita Mama Ishaq, anaishi pale na mjukuu wake Rayhana, msichana wa miaka tisa aliyezaliwa na ualbino. Ngozi ya mtoto yule haina mchezo na jua. Kila miezi mitatu Khamisa hupewa kliniki chupa ya losheni ya kuzuia jua, na kila asubuhi humpaka kwa mkono wake: uso, masikio, shingo, mpaka nyuma ya magoti. Losheni hiyo haitaki joto, na nyumba ya Khamisa ni ya mabati. Mwenye friji pale ni Mable, msusi, jirani wa mlango wa pili. Basi chupa ikawa inakaa kwa Mable, mlangoni mwa friji, na asubuhi Rayhana hupiga hodi, akapewa, akairudisha.

Siku ya michezo shuleni, Khamisa alimpaka kama kawaida. Sasa, losheni ile ni nzito, huacha weupe, siku zote mtoto huonekana kama amemwagikiwa unga. Lakini asubuhi hiyo iliingia mara moja, ngozi ikang'aa. Khamisa akasema moyoni, leo imekubali. Akamvalisha kofia, akamwachilia aende.

Saa tisa mtoto aliletwa na mwalimu. Shingo ilikuwa nyekundu, mabega yamevimba, masikio yametoka malengelenge.

"Bibi, mbio zilipoisha nilikaa kivulini. Wallahi nilikaa."

"Najua, mamangu. Usilie, machozi yana chumvi."

Mable akaja na pole zake. "Maskini. Mpake mafuta ya mgando, Mama Ishaq, yamlainishe."

"Mafuta juu ya moto, Mable? Unataka nimkaange?"

Akamvua, akamfunika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji baridi, akawa anakibadilisha kila kikipata joto. Malengelenge hakuyapasua. Chai ya rangi iliyopoa akamtonea masikioni kwa nje. Kisha akaenda kwenye mshubiri wake ulio kwenye sufuria kuukuu mlangoni, akakata jani nene, akalisimamisha ndani ya kikombe cha kahawa. Jani la mshubiri halipakwi papo hapo. Hutoa kwanza maji ya njano, na hayo ndiyo shubiri yenyewe, chungu, na huwasha ngozi vibaya. Mama zetu waliyapaka kwenye titi kumwachisha mtoto kunyonya. Yakiisha kuchuruzika, unalichuna jani, unapata ute mweupe. Huo ndio dawa.

Usiku huo Rayhana alilala kifudifudi na Khamisa hakulala. Wa pili vivyo hivyo.

Siku ya tatu akaichukua ile chupa, akamimina kiganjani. Ilinukia waridi; asubuhi ya michezo, kwa haraka, hakuitambua harufu hiyo. Losheni ya kliniki hainukii kitu. Ya kunukia waridi ni ile anayowapaka Mable wateja shingoni akimaliza kusuka.

Akakaa kitako. Mable anajichubua, mtaa mzima unajua, na aliyejichubua haonani na jua la Voi. Zamani hakutoka saa sita bila kujifunika leso mpaka puani. Lakini miezi miwili hii alikuwa anaenda sokoni kichwa wazi, akicheka. Khamisa alikuwa amemwona, asitie akilini.

Kilichomkaa kooni hakikuwa wizi. Ni kwamba mkono uliompaka mtoto waridi na kumpeleka juani ulikuwa wake yeye.

Kila siku alikata jani, alichuruzisha, alimpaka mtoto ute. Shubiri, ambayo siku zote huimwaga, safari hii hakuimwaga. Kikombe kilipojaa, akaenda kliniki, akaeleza mtoto alivyoungua, akapewa chupa mpya, akaifukia kwenye mchanga chini ya mtungi wa maji, ambako mama yake alikuwa akiweka samli. Chupa ya zamani akaiosha. Akatia vijiko viwili vya losheni ya kweli, huku vikimuuma, akatia na kikombe kizima cha shubiri, akatikisa.

"Niwekee palepale, mwanangu," akamwambia Mable. "Ni mpya. Ina rangi kidogo, lakini ndiyo kali."

"Haina shida, Mama Ishaq."

Rayhana akaonywa: "Chupa ya friji usiiguse tena, hata ukipewa mkononi."

Siku mbili baadaye, adhuhuri, Mable alipiga hodi na leso mpaka puani. Alipoifungua, Tryphena anasema, uso ulikuwa umevimba kama andazi na mwekundu kote ulikopita mkono.

"Jua la sokoni," akasema. "Nipe ule mshubiri wako."

Khamisa alikuwa anachambua mchele. Akaendelea mpaka sinia likaisha.

"Ulijipaka nini?"

"Sijajipaka kitu."

"Kama ni jua, nitakufunika kitambaa, ukae hivyo mpaka jioni. Kama ni kitu umepaka, lazima kioshwe kwanza, la sivyo kitambaa kitakizamisha ndani. Sema wewe. Uso ni wako."

Mable akajikuna. "Tuseme ni kitu."

"Kitu gani?"

"Mama Ishaq, si unajua."

"Najua. Nataka kusikia."

"Nilichota losheni. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ilifika nusu. Nikajazia ile yangu. Sikujua anaenda michezo."

"Ungejua?"

Mable akairudisha leso puani.

"Usiniambie mimi, basi. Mwenye losheni yule pale mkekani."

Rayhana alikuwa kifudifudi, mgongo umeanza kubambuka. Mable akapiga magoti.

"Rayhana, nilichukua losheni yako. Nikakuwekea isiyofaa."

Mtoto akamwangalia. "Inakuwasha?"

"Sana."

"Usikune. Ukikuna inatoa maji."

Khamisa akaleta beseni, akamwosha mara tatu bila haraka, akamkausha kwa kumgusagusa, akampaka ute.

"Nimekuosha kwa sababu ngozi haikuniibia," akasema. "Wewe uliiba. Kuanzia kesho utampeleka shule na kumrudisha, mpaka muhula ufungwe. Utashika mwavuli. Uwe juu yake, si juu yako."

"Na uso huu? Na wateja wakiniuliza?"

"Waambie. Kusema umeshajua."

"Utanisamehe lini?"

"Usiulize tena hilo. Lala, dawa ifanye kazi."

Mable akajilaza palepale kwenye mkeka, hakuwa na nguvu ya kufika mlango wa pili. Muda si muda akasinzia. Rayhana akajigeuza polepole, na kwa mara ya kwanza tangu michezo akalala chali, mdomo wazi.

Khamisa akasuuza kile kikombe cha kahawa, akakifunika. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Akajinyoosha kitandani na kusubiri kama huruma itakuja. Mable aliguna usingizini, mkono ukatafuta uso. Khamisa akalisikiliza guno lile, akalisikia na la pili, kisha akalala.